Daktari Kasema Nipumzike

Denclough, Lancashire
14 Januari 1968

Dada yangu Ada,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya kwetu, ambayo wewe huko Amerika sasa unaiona mchezo wa watoto. Mimi sijambo. Paka hajambo. Ethel Bottomley wa nyumba ya pili hajambo, na mdomo wake ndio haujambo kabisa. Paa la kanisa linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka. Mtoto wa marehemu binamu Herbert ameoa. Mke ni mwembamba, lakini anacheka vizuri.

Siku ya Krismasi bendi ilizunguka kijiji kizima na matarumbeta, kama kila mwaka. Mimi nilirudi mapema kidogo kwa sababu buti mpya zilinibana. Basi Ethel, bila kuulizwa na mtu, akamwita daktari aje anitazame kikohozi. Daktari mwenyewe kijana, mikono ya baridi. Akaniwekea mipira yake ya kusikilizia kifuani, akasikiliza weee, mwisho akatamka neno moja: "rest". Nipumzike. Nikamuuliza, "Nipumzike nini?" Akasema, "Kila kitu, Bwana Lumb."

Tangu siku hiyo neno hilo halinitoki kichwani. Moja tu, na sisi Waingereza tumelitumikisha kuliko punda. Mama alikuwa akilitumia kutufunga midomo. Ukilalamika mara ya tatu, anakwambia uyape mapumziko hayo maneno yako, nawe unajua mara ya nne ni kofi. Kiwandani msimamizi hakulitamka kabisa, mpaka ile wiki ya kiangazi mitambo inazimwa na mji mzima unahamia pwani ya Blackpool kwenda kukaa kwenye mvua. Kule klabuni, kale kafimbo ka kuegemezea fimbo ya snuka, ule mchezo wa mipira mezani, kanaitwa jina hilohilo, na wanaume wanaona haya kukaomba. Chakula kilichobaki baada ya wageni kula, neno ni hilohilo. Halafu panda makaburini ukasome mawe. Baba analo, Mama analo, Nellie mke wangu analo. Nilimwambia daktari kwamba njia anayonielekeza naijua, nimeshasindikiza watu wengi.

Kuna mahali pamoja tu ninapoliheshimu, nako ni kwenye muziki, ambako kimya ndicho kinaitwa hivyo. Kule kupumzika si kukaa bure. Umekaza mgongo, tarumbeta liko tayari, unahesabu, na ukikosea kimya chako umeukosea wimbo. Mimi nimeshika kiti cha kwanza cha tarumbeta kubwa, lile la sauti nzito, tangu vita viishe. Ijumaa ya wiki ya Pentekoste, bendi zote zikishindana kijiji hadi kijiji, nitakuwa hapo tena. Hilo ndilo jibu langu kwa daktari.

Wasalimie mwanao Leonard na mkewe.

Mdogo wako,
Seth

*

Pawtucket, Rhode Island
5 Februari 1968

Seth wetu,

Barua yako Leonard kaniletea mkononi nikiwa nimekaa. Hapa kila kitu naletewa mkononi nikiwa nimekaa. Wote ni wazima. Leonard amepandishwa cheo kule kwenye kiwanda cha nyaya. Lorraine mkewe ana mashine ya kufua, ya kukausha na ya kuosha vyombo, nami nazitazama zote tatu zikifanya kazi. Wajukuu wanaongea kwa pua, lakini wana adabu. Niko raha kabisa.

Hilo neno lako huku nalo lina mambo yake. Choo cha watu wote wanakiita chumba cha kupumzikia. Mara ya kwanza Lorraine aliniuliza dukani kama nakihitaji, nikamwambia, "Sijachoka, mwanangu." Tulizunguka maduka mengine mawili ndipo nikaelewa, na nusura iwe aibu. Nyumba ya kuwekea wazee nayo wameipa jina hilo. Jumapili tulipita mbele ya moja, ina maua ya plastiki dirishani. Leonard akapunguza mwendo. Mimi nikawa natazama upande wa pili wa barabara.

Nimekaa kitako miezi sita sasa. Mwanamke aliyesimamia mitambo sita ya kufuma kwa wakati mmoja, na kila mmoja una hasira zake, leo akiinuka kufuata kikombe cha chai watu wanne wanainuka naye. Lakini niko raha, usidhani.

Sasa tuje kwenye buti. Seth, wewe ulimaliza shule na buti za Baba zilizokuzidi namba mbili, na hukuwahi kusema neno. Tangu lini buti zikurudishe nyumbani asubuhi ya Krismasi? Kifua kikoje? Nijibu hilo moja tu, mengine uniandikie ukipenda.

Dada yako,
Ada

*

Denclough
25 Machi 1968

Dada yangu,

Niwie radhi kwa kuchelewa, shughuli zimenibana. Theluji imeyeyuka, kondoo wa Wrigley wamezaa, na kiwanda cha chini kimefunga ghorofa nyingine, kwa hiyo sasa tunacho kiwanda kimoja na nusu. Nafurahi kusikia kwamba uko raha. Umelisema mara mbili, nimeelewa.

Umeuliza habari za kifua. Kipo.

Nina jambo la kukueleza. Tuna kiongozi mpya wa bendi, Ramsden, mwalimu wa shule, kijana wa miaka thelathini na kitu anayevaa sweta chini ya koti. Ijumaa iliyopita baada ya mazoezi akanivuta kando. "Bwana Lumb," akasema, "nimefikiria habari ya Pentekoste. Kile kilima cha Lane Top ni kikali. Wewe upelekwe na gari mpaka juu, upumzike wakati sisi tunapanda tukipiga. Tukishasimama mbele ya jaji unajiunga nasi kwenye wimbo wa mashindano." Nikamwuliza kama anafanya mzaha. Akasema, "Jaji yumo ghorofani na mapazia yameshushwa. Hawezi kuona nani kapanda kwa miguu na nani kaletwa."

Nikamwambia, "Jaji haoni. Kijiji kinaona."

Na ni kweli, Ada. Anayeisubiri bendi mlimani ni mtazamaji, hata akiwa na sare. Baba asingekubali. Nilichukua kofia yangu nikaondoka, na tangu hapo tunasalimiana kwa vidole viwili kwenye ukingo wa kofia. Ama nipande kama mwanabendi, ama nisiende kabisa. Siku hizi ninaelekea upande wa kutokwenda.

Pembeni yangu, kiti cha pili, ameketi Doreen Haigh, binti wa Haigh wa duka la mikate. Kamati ilikunja nyuso kwa sababu ni msichana. Nilisema apige kwanza, nyuso tutazikunja baadaye. Alipiga, na hakuna aliyekunja. Kasoro yake moja ni kuogopa kimya. Wimbo wetu wa mwaka huu, kabla ya kipande cha mwisho, bendi nzima inanyamaza hesabu nne, kisha tarumbeta kubwa linaingia peke yake. Nikimwachia mazoezini akijaribu, Doreen hafiki nne. Kila mara anaruka kwenye tatu.

"Unakimbilia wapi?" namwuliza.

"Naona kama watu watadhani tumesahau, Bwana Lumb."

"Wacha wadhani. Wewe hesabu."

Ana masikio mazuri na kiburi kidogo. Vyote viwili anavihitaji.

Seth

*

Pawtucket
10 Aprili 1968

Seth,

Leo salamu zitakuwa fupi. Wote wazima, mvua inanyesha.

Ethel Bottomley ameniandikia kurasa nne. Tatu ni za magoti yake, ya nne ni yako. Anasema asubuhi ya Krismasi ulikaa chini kwenye theluji pale langoni mwa kanisa, katikati ya wimbo, midomo imekuwa bluu, na vijana wawili wakakubeba mpaka nyumbani. Buti hazikutajwa. Anasema ngazi za nyumbani kwako unazipanda kwa vituo viwili. Anasema daktari ametaja vumbi la pamba, miaka arobaini ya vumbi la pamba, na kwamba halitoki.

Nimekukasirikia, Seth. Nimekasirika hata nikamjibu vibaya Lorraine, ambaye hajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyekufuta kamasi. Mimi ndiye niliyekupeleka kiwandani siku ya kwanza nimekushika mkono, nawe ukiuvuta ili wenzako wasikuone. Leo habari zako nizipate kwa Ethel?

Basi nimemaliza. Sasa sikiliza. Unakumbuka mwaka ule Baba alipopasuliwa mdomo na mkanda wa mtambo, wiki yenyewe ya Pentekoste? Mama alimwambia abaki nyumbani. Baba akavaa sare, akashika tarumbeta, akasimama mahali pake. Alivipanda vijiji vyote, vidole vinabonyeza na mdomo haugusi. Mimi nilikuwa natembea pembeni nimeshika utepe wa bendera ya shule ya Jumapili. Bibi mmoja mlangoni akamtania, "Lumb, tarumbeta umelimeza?" Baba akamjibu, "Nahesabu." Hakuna aliyesema siku ile kwamba Baba hakuwa kwenye bendi.

Sikwambii uende, wala sikwambii usiende. Mimi sipulizi tarumbeta na sijui pumzi yako imebaki kiasi gani. Ninachokwambia ni usijifungie ndani umenuna, halafu uje kuniandikia kwamba ulipumzika.

Ada

*

Denclough
29 Aprili 1968

Dada,

Ethel angefagia mlango wake kwanza.

Ni kweli, nilianguka. Ni kweli, ngazi ni vituo viwili, na siku ya ukungu ni vitatu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utapanda meli urudi kuja kunifunika blanketi, na mimi blanketi ninalo.

Habari ya Baba nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa mdogo, nilikumbuka bendeji tu, sikukumbuka kwamba alitembea. Bado sijaamua. Nikipanda kimya na watu wakanionea huruma, sitaweza kuonyesha uso klabuni. Lakini jana nilikipanda kilima cha kanisa polepole, tarumbeta kifuani, nikibonyeza bila kupuliza, nione inavyokuwa. Kondoo walinitazama. Nilifika juu.

Na wewe je? Watu wanne wanainuka ukifuata kikombe. Umekaa kitako tangu Agosti. Hukuniambia kama umekipenda hicho kiti.

Seth

*

Denclough
12 Juni 1968

Dada yangu Ada,

Kabla ya yote, asante kwa soksi. Paka anakusalimu. Hali ya hewa Ijumaa ilikuwa nzuri, kwa hiyo Ethel alikosa la kulalamikia, ikamharibia siku.

Asubuhi tulitembea na shule ya Jumapili, mwendo wa watoto, nyimbo za kanisa. Nilipiga wimbo mmoja, nikaacha mmoja. Mchana tukala nyama baridi na vitunguu vya siki. Alasiri basi likaja. Ramsden alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. Sikumpa nafasi. "Natembea," nikamwambia. "Mlimani sipulizi. Tukisimama napiga. Kama hutaki, sema sasa hivi mbele ya watu."

Akanitazama. "Mahali pako ni mstari wa tatu, kulia, Bwana Lumb. Kama siku zote."

Ni kijana mzuri kuliko nilivyokuandikia.

Vijiji viwili vya kwanza vilikwenda vizuri. Watu wamejaa pande zote, wengine juu ya kuta, bia mikononi. Nilitembea tarumbeta kifuani, nabonyeza, nahesabu, na Doreen kushoto kwangu anapiga. Nilikuwa nasubiri mtu anicheke. Hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja alivua kofia nilipopita, na hilo likanikera zaidi, maana kofia huvuliwa jeneza. Tuliposimama nilipiga wimbo wa mashindano wote, na kile kipande changu nikakiingia peke yangu, mara zote mbili, safi. Ulizia, watakwambia.

Kisha Lane Top. Wanajua mahali pa kuweka mashindano, watu wale. Mtaa umesimama wima, na jaji yuko ghorofani juu ya klabu, mapazia chini, huku upepo unayachezea. Tulipanda. Doreen alikuwa anatembea taratibu kuliko ngoma, kwa ajili yangu, nikamnong'oneza aache upuuzi na ashike mwendo wake. Tukafika juu, tukaunda duara, Ramsden akainua mikono.

Sehemu ya kwanza nilipiga kila noti. Kisha kikaja kile kimya. Ramsden kashusha mikono. Mtaa umejaa watu na hakuna aliyekohoa. Moja, nikavuta pumzi. Mbili, nikamwangalia Doreen kwa pembe ya jicho. Alikuwa anahesabu. Mabega yametulia, macho mbele, tarumbeta mdomoni kwa heshima tu, maana zamu ya kuingia ilikuwa yangu. Hakuwa anaogopa chochote. Tatu, nikashusha langu, nikamgusa kiwiko.

Aliingia nne ilipotimia. Ada, aliingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Kipande chote alikipiga peke yake juu ya mtaa ule, mzito, mtulivu, hakuna noti iliyotetereka. Jaji nyuma ya mapazia hakujua kwamba mtu amebadilika. Kwa masikio hakuna ambaye angejua. Nami nimesimama pale nimelikumbatia tarumbeta, nasikiliza kwa fahari. Miaka yote hiyo nimekipiga kipande cha kiti kile katika nyimbo mia, sijawahi kukisikia kutoka nje. Ni kizuri sana. Nilikuwa sijui.

Tulipata nafasi ya tatu Lane Top, na nyuma yetu kulikuwa na bendi zinazogharamiwa na viwanda vitatu vitatu na zenye mabasi yao wenyewe. Ramsden alitununulia wote pai na njegere.

Jumapili nililing'arisha tarumbeta mpaka nikajiona meno, nikalipeleka chumba cha bendi, nikaliweka kwenye kiti cha kwanza. Katibu akasema hakuna haraka, nikae nalo mpaka vuli. Nikamwambia hapana. Doreen alinishika mkono, akatoka nje kwenye ngazi. Sikumfuata, mtu ana haki ya kulia bila kutazamwa. Ijumaa ijayo nitakwenda kukaa nyuma yao na kuhesabu, maana wale wa matarumbeta madogo bado wanaruka.

Najua utauliza, kwa hiyo nakujibu kabisa. Pumzi nilikuwa nayo. Nakuapia, dada, ilikuwa humu kifuani, nzima, ya kutosha kipande chote kile. Nilimpa, na si kwa sababu ya kushindwa.

Mdogo wako,
Seth

*

Pawtucket
24 Juni 1968

Seth wetu, mdogo wangu mpendwa,

Huku joto limeanza na wote ni wazima. Ulinidai jibu kuhusu kiti na sikukujibu, basi pokea. Sikukipenda hata siku moja. Jumamosi nilimtoa Lorraine jikoni mwake kwa adabu, nikafunga mlango, nikapika pai ya nyama na viazi ya watu sita. Leonard alipoionja akaomba tena. Tumekubaliana kwamba Jumamosi jiko ni langu, na ile barabara yenye maua ya plastiki hatupiti tena.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani. Wajukuu walitaka kujua umeshinda nini. Nikawaambia babu yao wa Denclough amekaa kiti cha kwanza tangu kabla baba yao hajaota ndevu, na hakuna mkono wa mtu uliomtoa. Si daktari, si kamati, si kilima. Alikitoa mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyesikia pengo. Lorraine alijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Jumapili nimewaeleza kanisani pia, mlangoni, mmoja mmoja, na aliyetaka kwenda zake nilimshika mkono wa koti.

Ethel naye ameandika. Barua yake imefika siku moja na yako, bahasha nene, stempu mbili. Najua ataniambia ulikuwa na rangi gani pale juu Lane Top, na nani alikushika, na ulikaa ukutani muda gani kabla ya kurudi kwenye basi. Nimeitia jikoni, kwenye moto wa ile pai, kabla ya kuifungua.

Umesema pumzi ulikuwa nayo. Basi ulikuwa nayo.

Dada yako,
Ada